PS5 MBILI, KITI KIMOJA: KABLA HUJAJENGA CHUMBA CHA GEMU, KUMBUKA KIBANDA



Wiki iliyopita staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, katupia video ya chumba chake kipya cha gemu. Nyie wenyewe mliiona, ilizunguka kila kona. Taa za zambarau zinatembea ukutani, TV kubwa kama mlango wa duka, PS5 mbili zimepangwa kama vikombe vya ubingwa, friji ndogo imejaa soda, halafu kile kiti cha gemu kama cha rubani. Komenti zikajaa moto na makopakopa. Mi mwenyewe nililaiki, sitaki unafiki.

Nikairudia. Nikairudia tena. Mara ya tatu ndo nikaona kitu. Kiti ni kimoja. PS5 mbili, kiti kimoja.

Kabla hamjaanza kutoa povu, sio wivu. Hela ni yake, katoka jasho, aweke hata PS5 kumi. Ninachosema ni kwamba siku hizi kila mtu anataka chumba cha gemu nyumbani. Hata sisi wapangaji wa chumba kimoja tunabana kona pembeni ya kitanda, tunabandika taa za rangi, tunapiga picha. Na karibu wote tunaiga upande ambao sio. Tunaiga taa, tunasahau benchi.

Acha nieleze ninachomaanisha, maana hii ishu kwangu sio ya mapambo tu. Imeshaingia mpaka ndani kwetu.

KIBANDA CHETU

Mi nimekulia Bulyaga, hapa hapa Tukuyu. Kwa wasiopajua, Tukuyu ndo makao makuu ya wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Migomba kila upande, mashamba ya chai, milima, na mvua. Mvua ya kwetu sio ya kusema inyeshe iache, kwa mwaka inapita milimita 2,000. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakupiga mpaka kwenye mfupa. Sasa fikiria we ni dogo wa darasa la nne, likizo, nje tope, nyumbani TV hakuna. Unaenda wapi?

Unaenda kibandani.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabanzi, juu bati, mlangoni pazia la kitenge. Ndani TV mbili za chogo, PS2 mbili, mabenchi mawili, na kipande cha boksi kimeandikwa kwa maka peni: GEMU MOJA 200, MATUSI NJE, HAKUNA KUKOPA. Mwenye kibanda tulimwita "bro" tu, sijui kama kuna mtoto aliyewahi kujua jina lake kamili. Harufu ya mle ndani naikumbuka mpaka leo: masweta ya shule yaliyolowa, vumbi la TV iliyopata moto, na karanga.

Sheria zilikuwa tatu, na hakuna aliyeziandika.

Kwanza, anayefungwa ndo analipa. Aliyeshinda anabaki kwenye pedi, anayefuata anakaa. Kama unajua mpira ulikuwa unacheza asubuhi nzima kwa 200 yako moja. Kama hujui, dakika kumi tu unarudi mwisho wa foleni na mfuko mtupu.

Pili, foleni unaiwekea sarafu juu ya TV. Ukiona sarafu nne zimepangwa juu ya chogo, we ni wa tano. Hakuna kuruka. Hata wakubwa wa kidato cha nne waliheshimu hiyo, maana sarafu ilikuwa inaongea kwa niaba yako.

Tatu, umeme ukikatika. Hapa ndo kesi zilikuwa kubwa. Tulikubaliana gemu ikiwa imevuka dakika ya sabini, anayeongoza kashinda. Chini ya hapo, mnaanza upya umeme ukirudi. Nimeona madogo wa miaka kumi wakijadili hiyo sheria kwa umakini kuliko vikao vingine vya watu wazima.

Halafu kulikuwa na wale wasio na hela. Hao hawakufukuzwa. Mvua ikipiga bati sauti ya TV husikii kabisa, kwa hiyo asiye na hela ndo alikuwa mtangazaji. Anasimama nyuma ya benchi anatangaza mechi kwa sauti, anawapa wachezaji majina ya watu wa mtaani, watu wanacheka mpaka wanaangukiana. Kuna mshkaji mmoja alikuwa hajui kabisa kucheza ila siku asipokuja kibanda kinapoa.

Na kulikuwa na siku tulipogundua kwamba kwenye PES unaweza kubadilisha majina ya timu na wachezaji. Siku tatu hatukucheza mechi ya maana, tulikuwa tunatengeneza Tukuyu Stars. Mnaijua historia? Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986. Sisi tulikuwa hatujazaliwa, tulisimuliwa na wazee tu. Lakini mle kibandani Tukuyu Stars ilicheza na Barcelona, na siku moja ikashinda mbili bila. Sijawahi kusikia kelele kama zile mpaka leo.

WENZETU NAO WALIPITA HUKU HUKU

Nikaja kusoma baadaye kwamba hiki kitu hatukukibuni sisi. Majumba ya gemu za sarafu yalianza kupamba moto baada ya Space Invaders kutoka Japan mwaka 1978, ikafuata Pac-Man mwaka 1980. Mashine kama kabati, imesimama, unatumbukiza sarafu unacheza umesimama. Mwaka 1991 ikaja Street Fighter II, hapo watu wakaanza kusimama bega kwa bega na mtu wasiyemjua na kupigana naye kwenye skrini. Mshindi anabaki, aliyepigwa anatumbukiza sarafu nyingine au anapisha.

Na sikieni hii. Kule Marekani vijana walikuwa wanapanga sarafu zao za senti 25 kwenye ukingo wa mashine ili kushika zamu. Sarafu juu ya mashine! Hakuna mtu wa Bulyaga aliyewahi kwenda kufundishwa hilo. Watoto wakiwa wengi na mashine ikiwa moja, busara inakuja yenyewe.

Sisi Watanzania wengi yale makabati ya sarafu hatukuyaona kabisa. Gemu ilitufikia ikiwa tayari imo ndani ya PlayStation. Wenzetu wa Ulaya na Japan walipohamisha gemu kutoka ukumbini kwenda nyumbani, sisi tulichukua mashine ya nyumbani tukaigeuza ukumbi. PS2 ilitengenezwa akae nayo mtoto mmoja sebuleni kwao. Huku kwetu moja ilihudumia mtaa mzima. Sony walianza kuiuza mwaka 2000, wakaja kuacha kuitengeneza kwenye mwaka 2013, zikiwa zimeuzwa zaidi ya milioni 155. Toleo la mwisho la PES kwa PS2 lilikuwa PES 2014. Kitaa hawakukubali, mafundi wakaendelea kuedit wenyewe, usajili mpya kila msimu kwenye CD ya gemu ya zamani.

Kama unadhani kucheza kwenye vibanda ni kupoteza muda tu, nikupe mfano mmoja. Mwaka 2019 kijana kutoka Lahore, Pakistan, anaitwa Arslan Ash, alikwenda Japan kwenye mashindano ya EVO ya Tekken 7. Dunia ilikuwa haimjui. Akashinda. Miezi michache baadaye akaenda Las Vegas, akashinda na EVO ya kule. Watu wakamuuliza umetokea wapi. Akasema nyumbani wako wengine wa kiwango chake, wanafunzana kwenye majumba ya gemu ya mitaani. Wakadhani utani, mpaka mkongwe wa Korea Kusini anayeitwa Knee alipofunga safari kwenda Pakistan kucheza nao, akajionea mwenyewe. Kumbuka hao vijana hawakujifunza mbele ya taa za zambarau. Walijifunza kwa kupigwa na jirani, kila siku, mbele za watu.

Leo hata huko kwenyewe majumba yanapungua. Sega, moja ya majina makubwa kwenye hiyo biashara Japan, waliuza sehemu kubwa ya majumba yao ya gemu mwishoni mwa 2020, na mwaka 2022 wakamalizia kilichobaki, jina la Sega likashushwa kwenye mabango. Yaliyobaki mengi yamejaa zile mashine za kunyakua midoli. Waliokulia kwenye majumba hayo sasa ni watu wazima wana hela, wanarudisha utoto wao nyumbani. Kampuni kama Arcade1Up ilianza mwaka 2018 kuwauzia yale makabati yakiwa yamepunguzwa ukubwa ili yaenee sebuleni. Hii fasheni ya chumba cha gemu cha taa taa inafanana na yale majumba. Yale majumba yalikuwa na giza ili skrini zionekane vizuri, na taa za rangi ili mpita njia avutike kuingia. Pazia la kitenge la bro lilikuwa linafanya kazi ile ile ya giza. Kwa hiyo staa wetu kaiga kitu chenye maana, ila taa zake za kuvutia wapita njia kaziweka mahali ambapo hakuna mpita njia.

KILICHOKIUA KIBANDA

Kibanda chetu kilikufa taratibu. Simu janja zikaingia, madogo wakaanza kucheza kwenye kioo cha kiganja, kila mtu na yake. TV za chogo zikaharibika. Bro akapata ishu zake akahama. Mabanzi yakakaa miaka miwili yanaoza.

Halafu pakaja dubwi.

Mnalijua. Zile mashine za kamari zenye taa na vipicha vinavyozunguka, unatumbukiza sarafu ya 200. Sarafu ile ile! Pale pale tulipokuwa tunapanga foleni juu ya chogo, sasa watu wanasimama kila mmoja na mashine yake, hakuna anayeongea na mwenzake. Kisheria mchezo wa kubahatisha ni wa miaka 18 kwenda juu. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake. Lakini mtaani kila mtu anaona wanaosimama pale ni akina nani na sweta zao ni za rangi gani.

Sasa nisikilizeni. Mwaka jana mama alimtuma mdogo wangu, yuko kidato cha pili, akanunue mbolea. Alimpa elfu ishirini. Hiyo ni hela ya ndizi, mikungu aliyouza asubuhi ile kwa wenye magari. Dogo akarudi jioni, kalowa, mikono mitupu. Akasema hela imedondoka njiani.

Mama akamwangalia, hakusema kitu. Akapika. Dogo hakula. Mi nilipoenda kuanika suruali yake ikadondoka sarafu moja ya 200 kutoka mfukoni. Hapo nikajua.

Usiku tukiwa tumelala nikamuuliza, "Ulikuwa kwenye dubwi?"

Kimya. Halafu akasema, "Ndiyo kaka."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Nilitegemea aseme hela. Akasema, "Kaka, mvua inanyesha, wana wote wako pale. Ningeenda wapi?"

Nilikosa jibu wadau. Maana ndo sababu ile ile iliyokuwa inanipeleka mimi kibandani. Mvua, na wana wote wako pale. Tofauti ni kwamba mi nilipokuwa na umri wake palikuwa na benchi, yeye alikuta mashine.

Kuna watu wataniambia kibanda na dubwi ni kitu kimoja, vyote vinakula hela za watoto. Hapana. Kibandani unatoa 200 unapewa dakika kumi, unapewa na watu. Ukifungwa umefungwa na mtu aliyekuzidi, unamwona vidole vyake, kesho unaiga, keshokutwa unamfunga. Dubwi likikula huna cha kujifunza. Halina ujanja wa kuiga. Na ukilia hakuna wa kukucheka ili na wewe ucheke.

Lakini nisipambe sana. Kibanda nacho kilikuwa na madhambi yake. Nilishachapwa fimbo kwa kukutwa mle saa nne asubuhi siku ya shule, na nilistahili. Kuna madogo walikuwa wanadokoa hela kwenye mikoba ya mama zao ili wapate za gemu. Matusi yalikuwa marufuku kwenye boksi tu. Na wasichana hawakuingia kabisa. Dada yangu alikuwa anapita nje kachukua maji, anasikia kelele, anapitiliza. Nilikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba alikuwa anatamani kuchungulia tu.

Kwa hiyo sisemi turudishe kibanda kama kilivyokuwa. Nasema ukijenga chumba cha gemu nyumbani, una nafasi ya kuchukua kizuri cha kibanda na kuacha kibaya. Nyumbani unaweza kuweka sheria ambazo bro hakuweza, kwa sababu bro alikuwa anahitaji ile 200 na wewe huihitaji.

STOO YA MAMA

Nilianza na kumwomba mama stoo.

"Mama, naomba kile chumba cha nyuma."

"Cha mbegu za viazi?"

"Mbegu nitazihamishia jikoni juu."

"Unataka kufanyia nini?"

Nikamweleza. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mwanangu, utanijazia watoto wa watu humu na tope lao. Mi ndo nitakuwa nafagia?"

Nikamwambia atakayefungwa ndo atafagia. Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya. Lakini mlango usifungwe. Nataka niwe naona."

Hiyo ndo sheria bora kuliko zote na sio mimi niliyeitunga.

Hesabu yangu hii hapa, maana najua mtauliza. PS2 ndogo iliyotumika pamoja na pedi zake mbili, 110,000. TV ya chogo, 30,000, na aliyeniuzia alifurahi imeondoka kwake. Stebilaiza, 45,000. Benchi la mabanzi, fundi kanipigia kwa 15,000. Jumla laki mbili kamili, nimedunduliza miezi minne kwa kuuza vocha na kuchapia watu barua. Najua kwa wengine laki mbili ni kiti kimoja cha rubani. Kwetu ni chumba kizima.

Na haya ndo niliyojifunza, hata kama wewe uko Sinza, Mwanjelwa au Kisauni na una kona tu ya sebule:

Anza na viti, halafu ndo TV. Jiulize kwanza watakaa wangapi. Benchi moja la watu wanne linashinda kiti cha rubani, maana kwenye benchi anayesubiri naye yumo ndani ya mchezo.

Usidharau chogo. Kwa gemu za zamani chogo ni bora kuliko flati nyingi, ukibonyeza kitu kinatokea hapo hapo. Kama una flati na unaona mchezaji anachelewa kupiga, ingia kwenye mipangilio ya TV utafute sehemu ya gemu uiwashe. Wengi wanalaumu pedi kumbe ni TV.

Stebilaiza sio anasa. Umeme ukikatika hauui mashine kama unavyorudi kwa kishindo. Na kama uko sehemu ya unyevu kama huku kwetu, usiweke mashine chini wala usiibane ukutani, ipate hewa. Kioo cha kusomea CD kikishika ukungu unaanza kuzunguka kwa mafundi.

Piga hesabu ya umeme mapema. PS5 ikiwa kwenye gemu zito inaweza kula wati 200 au zaidi kidogo. Maana yake masaa matano ni kama uniti moja, bila TV. PS2 inakula kidogo sana ukilinganisha. Sio siri kubwa ila wengi wanashtuka uniti zikiisha katikati ya fainali.

Badala ya taa za rangi weka karatasi ukutani. Msimamo wa ligi, majina, magoli. Nawaambia, hakuna taa inayomvuta dogo kurudi kesho kama jina lake kuwa la mwisho kwenye karatasi.

Kuhusu hela, kwetu hakuna hela kabisa. Wala sarafu, wala kuwekeana dau. Niliifikiria sana hii, maana ningeweza kutoza na nikarudisha laki mbili yangu mapema. Lakini nikitoza nimefungua biashara, na kuna dogo ambaye siku hana hela atarudi kule kule. Kwa hiyo anayefungwa anapisha na anafanya kazi moja ya nyumba: ndoo ya maji, kufagia tope, kuosha vikombe. Mama siku hizi ndo anauliza kwa sauti kutoka jikoni, "Nani kafungwa?" Ukisikia hivyo ujue ndoo iko tupu.

Siku za shule mashine hailali wazi, ina kufuli. Jumamosi mchana, na Jumapili watu wakishatoka kanisani. Saa moja usiku kila mtu kwao.

Na wasichana wanacheza. Dada yangu, yule aliyekuwa anapitiliza na ndoo, siku ya kwanza kushika pedi alifungwa tano. Mwezi wa pili akawa anatufunga sisi, halafu anatuonyesha ndoo kwa kidole. Majirani zetu Kenya wanaye Sylvia Gathoni, wanamwita QueenArrow, mcheza Tekken aliyesajiliwa na timu ya kulipwa ya nje mwaka 2018. Nikikumbuka vibanda vyetu vilivyokuwa na wavulana watupu, najiuliza tuliwapitisha nje akina QueenArrow wangapi na ndoo zao kichwani.

SITAWADANGANYA

Najua mnasubiri niseme dogo kapona, kaacha dubwi, anaongoza darasani. Sitawadanganya. Mwezi uliopita nimemkuta pale tena, kasimama nyuma ya watu anaangalia. Hakuwa anacheza, au ndo nilivyoambiwa. Nimemwita tu kwa jina, akaja, tukaondoka. Hatukuongea njia nzima.

Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa benchini. Alifungwa, akachota maji, akarudi mwisho wa foleni. Mvua ilipozidi kwenye bati tukawa hatusikii TV, na yeye ndo akasimama nyuma akaanza kutangaza. Sikumfundisha. Wala hajawahi kukiona kile kibanda kikiwa hai, kilikufa yeye akiwa mdogo sana. Mama alisimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, anasikiliza, mpaka alipotajwa jina lake kama refa ndo akaondoka anacheka.

Elfu ishirini ya mbolea haijarudi. Mama hajawahi kuitaja tena, na nadhani dogo angependa aitaje.

Kwa hiyo we staa wetu, kama unapita hapa, chumba chako ni kikali, hakuna anayebisha. Lakini umetokea uswazi kama sisi, ulishatuambia mwenyewe kwenye interviu kwamba gemu ulijifunzia kibandani. Kwenye kibanda hicho kuna mtu alikupisha ukakaa. Una PS5 mbili. Moja ikitoka hapo ukutani ikaenda kitaani kwenu na benchi moja la mbao, utakuwa na chumba cha gemu kikubwa kuliko hicho. Au kama hilo ni zito, basi anza na dogo. Ongeza kiti.

Na wewe unayebana kona yako na taa za elfu kumi na tano, kabla hujapiga picha angalia kama kuna mahali mtu wa pili anaweza kukaa. Kama hakuna, hicho bado sio chumba cha gemu.

Kitaani kwenu kibanda kilikuwa wapi, gemu ilikuwa shilingi ngapi, na sasa hivi pale pana nini? Tiririka hapo chini. Na kama we ndo ulikuwa mtangazaji wa bure kwa sababu hukuwa na hela, jitokeze, leo ni siku yako.